Mnara haujaondoka, umehamia kitabuni: kusahihisha ramani za anga za karatasi ukirukia Mwanza

NOTAM ya mnara mpya ikipotea kwenye orodha unayosoma asubuhi, mnara wenyewe bado umesimama palepale. Hakuna aliyekosea. NOTAM ni tangazo la muda kwa marubani. Jambo la kudumu likitangazwa humo, linatakiwa lihamishiwe kwenye AIP, kile kitabu kikuu cha taarifa za anga cha nchi, ndani ya miezi mitatu, na likishaingia huko NOTAM yake inafutwa. Kuanzia siku hiyo mnara uko kitabuni. Kwenye ramani ya karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa mlango wa ndege bado haupo, na hautakuwepo mpaka litoke toleo jipya, ambalo linaweza kukawia miaka.

Hapo katikati ndipo rubani wa ndege ndogo anaponaswa. NOTAM anasoma kila anaporuka, AIP haifungui, na ramani yake ni safi, haina hata alama moja ya kalamu. Ramani safi ya miaka sita si sifa. Ni dalili kwamba mwenyewe hajaigusa.

Wapo wanaosema karatasi imepitwa na wakati. Tableti ni nzuri, na inajisasisha ukishalipia. Lakini iweke juani nyuma ya kioo cha mbele, saa saba mchana juu ya ziwa, uone itachukua dakika ngapi kujizima kwa joto. Karatasi haizimiki, ila haijisasishi. Kazi hiyo ni ya mkono wako, na ifuatayo ni namna ya kuifanya bila kuharibu ramani.

Ramani moja, umri tofauti

Kosa la kwanza ni kuichukulia ramani kama kitu chenye umri mmoja. Visiwa vya Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na Rubondo haviendi popote. Barabara na reli hubadilika kwa miaka. Minara na nyaya za umeme hubadilika kwa miezi. Mipaka ya anga linalodhibitiwa hubadilika kwa mizunguko ya kalenda, ambayo tutaifikia. Masafa ya redio na saa za kazi za kiwanja vinaweza kubadilika kesho.

Kwa hiyo kinachozeeka upesi usikiandike kwenye ramani kabisa. Masafa yote yaweke kwenye kadi moja ya A5 unayoibana kwenye ubao wa gotini, tarehe ikiwa juu kwa herufi kubwa, na kadi hiyo uiandike upya kila mzunguko. Usiisahihishe, iandike upya, kwa sababu kuandika upya kunakulazimisha uhakikishe kila namba. Masafa yaliyochapwa kwenye ramani yenyewe yapige mstari mmoja mwembamba. Hili hubishiwa sana, eti yale yaliyochapwa ni akiba nzuri. Si akiba. Ukiwa na kazi nyingi mikononi, jicho litachukua namba iliyo karibu, na namba iliyo karibu ni ile ya zamani.

Mfano mzuri wa kinachobadilika kwa miaka uko kusini mwa jiji. Daraja la Kigongo–Busisi, kwa jina rasmi Daraja la J.P. Magufuli, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Lina urefu wa kilomita 3 na linakata Ghuba ya Mwanza kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Ramani iliyochapwa kabla ya hapo inaonyesha maji matupu na njia ya kivuko. Lichore. Kwa rubani anayeruka kwa macho hakuna alama ya ardhini iliyo wazi kuliko hiyo upande ule, na kwa anayependa kuifuata ghuba akiwa chini, lile ni kizuizi chenye nguzo na nyaya zilizoinuka juu ya barabara.

Alhamisi, kila siku 28

Mabadiliko makubwa ya anga hayatokei siku yoyote tu. Yanafuata mzunguko wa AIRAC, ratiba ya kimataifa ya kubadilisha taarifa za anga kila siku 28, na siku ya kuanza ni Alhamisi daima. Mwaka 2026 mzunguko wa kwanza ni Januari 22, kisha Februari 19, Machi 19, Aprili 16, Mei 14, na kuendelea hivyo hadi Desemba 24. Jumla ni 13. Mara chache mwaka unabeba 14, kama 2020. Ziandike zote kwenye kalenda ya ukutani mwezi Januari, ile kalenda ya bure ya benki inatosha.

Taarifa ya AIRAC inatakiwa imfikie mtumiaji angalau siku 28 kabla ya kuanza kutumika. Hilo linaleta kosa ambalo waangalifu ndio hulifanya zaidi: kurasa mpya za AIP zikifika wanaziingiza kitabuni siku hiyohiyo. Sasa wana kitabu cha mwezi ujao na wanaruka mwezi huu. Zikifika ziweke kwenye bahasha, andika tarehe ya kuanza juu yake, na usiifungue kabla ya siku yake. Si kila mzunguko utaleta kitu. Ukitangazwa kwamba hakuna mabadiliko, tangazo hilo nalo litunze, kwa sababu ndilo linalokuthibitishia kwamba hukukosa barua.

Mzunguko unaanza saa 0000 za UTC, saa za kimataifa, yaani saa tisa usiku kwetu. Na tukiwa kwenye saa: NOTAM huandika wakati kwa tarakimu kumi, mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, zote za UTC. 2604160600 ni Aprili 16, 2026, saa 0600. Vitabu vinafundisha kuongeza tatu upate saa za Afrika Mashariki. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tuna njia fupi zaidi: toa tatu. 0600 ukitoa tatu ni saa tatu asubuhi. 1130 ni saa nane na nusu mchana. 1500 ni saa kumi na mbili jioni. Ukipata zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 1600 inakupa kumi na tatu, basi ni saa moja usiku. Kitakachokuponza ni usiku wa manane. Kuanzia 2100 za UTC kwetu tayari ni tarehe nyingine, kwa hiyo NOTAM inayoanza 2604152200 inaanza saa saba usiku wa kuamkia Aprili 16, ingawa imeandikwa 15.

Kitabu ambacho hakifunguliwi

AIP ya Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kama AIP za nchi nyingine ina sehemu tatu: GEN ya mambo ya jumla, ENR ya njia na anga, AD ya viwanja. Rubani wa ndege ndogo hahitaji yote. Kwa kazi ya ramani unahitaji kurasa za mwanzo za GEN 0, GEN 3.2 inayohusu ramani, ENR 2 ya mipaka ya anga, ENR 5.1 ya maeneo yaliyokatazwa, yaliyowekewa masharti na ya hatari, ENR 5.4 ya vizuizi, na AD 2 ya kila kiwanja unachokwenda.

Ndani ya GEN 3.2 kuna kifungu cha 3.2.8. Kazi yake ni moja tu: masahihisho ya ramani zisizomo ndani ya AIP. Maana yake ni ramani yako hasa, ile kubwa ya kukunja. Ungetarajia kikurasa hicho kiwe kimechakaa kwa kupekuliwa. Mara nyingi ndicho kipya kuliko vyote faili zima.

Kama unatunza kurasa zako kwenye faili la pete, fanya hivi kila marekebisho yanapoanza. Soma ukurasa wa jalada wa marekebisho. Unataja kurasa za kutoa na za kuingiza. Kwanza linganisha namba ya marekebisho na ile ya mwisho uliyoandika kwenye GEN 0.2. Kama mkononi una namba 3 na ya mwisho kuingia ni 1, simama hapo. Ukiingiza ya 3 kabla ya 2, utakapoipata ya 2 utaondoa kurasa mpya na kurudisha za zamani, na faili litaonekana limekamilika kabisa.

Kisha toa na ingiza ukurasa mmoja mmoja. Usitoe rundo zima halafu uingize rundo zima. Karatasi zimechapwa pande mbili, na mara nyingi kilichobadilika ni upande wa nyuma tu. Mbele panafanana neno kwa neno, basi mtu anadhani ametumiwa nakala mbili na kuitupa mpya. Angalia tarehe ya ukurasa, si maandishi. Ukimaliza, fungua GEN 0.4, orodha ya kurasa zote na tarehe zake, uipitie na faili likiwa wazi mbele yako. Inachukua muda, ndiyo, lakini ndiyo hatua pekee inayogundua ukurasa uliodondoka. Zile za zamani zipige alama ya mkasi na uzihifadhi hadi ukaguzi huu uishe.

Nyongeza za AIP, ambazo zikichapwa kwa kawaida huwa kwenye karatasi za manjano zisipotee machoni, ni za mambo ya muda yanayochukua miezi mitatu au zaidi, au ya muda mfupi lakini yenye maelezo mengi na michoro. Hizi zinakaa mbele ya faili na haziondolewi mpaka zifutwe au zibadilishwe.

Mnara mmoja, kutoka NOTAM hadi kwenye karatasi

Tuchukue mfano. Umetungwa kwa ajili ya zoezi, usiupeleke hewani:

Q) HTDC/QOBCE/IV/M/E/000/044/0238S03305E005
A) HTDC B) 2604160600 C) PERM
E) MAST ERECTED PSN 023820S 0330440E HGT 105M AGL ELEV 4330FT AMSL

HTDC ni eneo la taarifa za anga la Dar es Salaam. QOBCE ni kizuizi kimesimamishwa: OB ni kizuizi, CE ni kusimamishwa. IV inamaanisha inawahusu wanaoruka kwa vyombo na wanaoruka kwa macho. 000 na 044 ni chini na juu kwa mamia ya futi. Mwisho kuna mahali na nusu kipenyo cha maili 5 za baharini.

Mahali pa kwenye mstari wa Q pasikushawishi. Pale dakika zimekamilishwa, sekunde hazipo, kwa sababu mstari ule ni wa kompyuta kuchujia taarifa. Nusu dakika ni karibu mita 930. Chukua mahali kutoka E: nyuzi 2, dakika 38, sekunde 20 kusini, nyuzi 33, dakika 4, sekunde 40 mashariki.

Tafuta mstari wa 2°30' kwenye ramani. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo dakika zinaongezeka ukishuka. Vitabu vingi vya kujifunzia vimeandikwa kaskazini na michoro yake inahesabu kwenda juu; anayefuata mchoro bila kufikiri atauhamisha mnara huu karibu maili 17 kaskazini, kuelekea Ghuba ya Speke. Shuka dakika 8 na sekunde 20. Kisha kutoka mstari wa 33° nenda kulia dakika 4 na sekunde 40.

Kwa ramani ya 1:1,000,000 dakika moja ni milimita 1.85, hivyo unashuka milimita 15.4 na kwenda kulia milimita 8.6. Kwa ya 1:500,000 zidisha mara mbili: 30.9 na 17.3. Hapa tuna bahati ambayo rubani wa Ulaya hana. Karibu na ikweta dakika ya longitudo ina urefu karibu uleule wa dakika ya latitudo. Kwa latitudo ya Mwanza tofauti haifiki asilimia moja, haionekani. Kipimo kimoja kinatosha pande zote mbili.

Hata hivyo rula iwe ya kuhakikishia tu. Karatasi hunyonya unyevu, na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Hutanuka na kusinyaa. Tumia bikari: ifungue kwenye vialama vya dakika vya ramani yenyewe, kwenye mstari ulio karibu na unapochora, kisha ihamishe. Vialama vimetanuka pamoja na karatasi, kwa hiyo vinasema kweli.

Weka nukta kwa penseli ngumu, chora alama ya kizuizi, andika namba mbili: 4330 kwanza, kisha (344). Ya kwanza ni ncha ya mnara kutoka usawa wa bahari kwa futi, ya pili ni urefu wake kutoka ardhini, mita 105 zikiwa zimegeuzwa kuwa futi. Usiandike moja peke yake. Ziwa lenyewe liko kama futi 3,720 juu ya usawa wa bahari, na altimita ya ndege iliyoegeshwa Mwanza ikiwa kwenye QNH, yaani imewekwa isome kimo kutoka usawa wa bahari, inasoma karibu 3,760. Mtu akisoma 344 tu ataona kijiti. Akisoma 4330 tu, na akazoea viwanja vya pwani, ataona mlima.

Kazi haijaisha. Angalia ile namba kubwa ya kimo cha juu kabisa iliyochapwa katikati ya kila kisanduku cha ramani, tarakimu kubwa ya maelfu na ndogo ya mamia. Kama kisanduku kinasema 4⁵, yaani 4,500, mnara wetu uko ndani, acha. Kama kinasema 4³, mnara umekizidi: kipige mstari, ongeza ncha ya mnara hadi mia inayofuata, andika 4⁴. Wanaochora minara ni wengi. Wanaokumbuka namba hii ni wachache, na ndiyo utakayoitazama mawingu yakishuka.

Tena ramani haikuahidi minara yote. Kwenye ramani za aina hii kizuizi kinachohesabiwa ni cha mita 100 au zaidi kutoka ardhini, na takwimu za vizuizi za nchi nzima nazo zinaanzia urefu huo. Mita 100 ni futi 328, chini ya zile futi 500 ambazo unapaswa kuwa nazo juu ya ardhi au maji hata mahali pasipo na watu. Minara ya kawaida ya simu, ya mita 30 hadi 60 juu ya vilima vya mawe vya Usukumani, haitakuja kwenye ramani hata ungengoja miaka kumi. Ukiiona, ichore mwenyewe kwa penseli, bila namba ya kimo, kwa sababu kimo chake hukijui.

Wino, penseli na plastiki

Cha kudumu kwa wino, cha muda kwa penseli, cha leo juu ya plastiki. Ndiyo kanuni nzima.

Cha kudumu ni NOTAM iliyoandikwa PERM mahali pa tarehe ya mwisho, au kilichomo kwenye AIP. Tumia kalamu ya ncha 0.3, wino usioyeyuka kwa maji, rangi ya zambarau au bluu iliyokolea. Usitumie nyekundu. Ukiwasha taa nyekundu ndani ya ndege, wino mwekundu unatoweka kana kwamba hukuandika. Usitumie wino mweupe wa kufutia, maana unafuta pamoja na kilima kilichokuwa chini yake. Kilichokufa kipige mstari mmoja, kibaki kinasomeka.

Cha muda ni NOTAM yenye tarehe ya mwisho. Kama baada ya tarehe hiyo kuna EST, yaani tarehe ya kukadiria, elewa kwamba haitakufa yenyewe. Mpaka itoke nyingine ya kuibadilisha au kuifuta. Kama haina EST, ikifika saa yake imekwisha, na unaweza kuchukua kifutio.

Plastiki ya kujigundisha, ile ya kufunikia vitabu, inatosha, ila chagua isiyong'aa. Jua la ziwani linapiga kutoka juu na kutoka majini. Masahihisho ya wino yafanye kabla ya kuibandika. Juu yake andika njia ya leo kwa kalamu ya alama na ufute kwa spiriti na pamba ukirudi. Ubaya wake uko wazi: sahihisho la kudumu linalofuata halina pa kuingia. Ndiyo maana naona ni afadhali ramani ikae wazi na kubebwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Sasa pembezoni. Kila sahihisho lipe namba ndogo ndani ya duara, na namba hiyo iandike kwenye daftari dogo, yaani orodha unayoiandika pembeni mwa ramani yenyewe, kona ya chini kushoto: namba, kitu gani, chanzo, tarehe, herufi za jina lako. Kwa mnara wetu: "7, mnara, NOTAM PERM, 17/04/26." Siku NOTAM itakapofutwa kwa kuwa imeingia AIP, usifute chochote, ongeza "sasa ENR 5.4" na tarehe. Hapo ndipo lile tundu la mwanzo linapozibwa. Bila chanzo, baada ya mwaka utaitazama alama yako mwenyewe na hutajua kama bado ni kweli.

Chini ya orodha hiyo weka mstari "Imesahihishwa hadi" na tarehe ya mzunguko. Ijaze hata pale ambapo hapakuwa na badiliko lolote. Nafasi tupu haisemi kama hapakuwa na kitu au hukutazama.

Mahali ramani zinapoharibikia

Karatasi mbili zinazopakana hurudia ukanda uleule kingoni. Mnara ulio kwenye ukanda huo unachorwa mara mbili, na daftari la kila karatasi linapata mstari wake. Kosa hili halionekani hadi siku unapogeuza karatasi hewani.

Mikunjo: kunja ili mkunjo usipite juu ya kiwanja chako wala juu ya alama uliyoichora. Wino hupasuka hapo kwanza.

Nakala za mashine ni balaa la peke yake. Ukitoa kopi au ukichapisha ramani kutoka faili, mashine hupenda kuipunguza ili itoshe ukurasa. Pima nyuzi moja ya latitudo kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye 1:1,000,000 inatakiwa iwe milimita 111 hivi. Ukipata 104, ramani imepunguzwa kwa asilimia 6, na kutoka Mwanza hadi Bukoba, ambako ni karibu maili 94 za baharini kwa mstari ulionyooka, rula yako itakudanganya maili 6. Kwa ndege ya noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, ni zaidi ya dakika tatu za mafuta na kisiwa kimoja kisichofika kwa wakati. Kopi isiyo ya rangi iache kabisa. Ziwa likigeuka jeupe kama nchi kavu, ramani ya Mwanza imebaki na nini?

Ziwa lenyewe lina vituko vyake. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi rekodi, na 2024 yakapanda tena. Kwenye 1:1,000,000 mita 200 za ufukwe ni milimita 0.2, huna cha kuchora. Lakini ufukwe wa mchanga uliouweka akilini kama pa kutua kwa dharura unaweza kuwa chini ya maji, na hilo liandike. Gugumaji likijaa ghuba ndogo, kutoka juu inaonekana imefungwa kama nchi kavu, na upepo ukigeuka inafunguka. Vizimba vya samaki vinaonekana vizuri sana, mistari ya miduara majini, na ndiyo maana vinashawishi. Usivichore kama alama, vinahamishwa.

Kwenda Entebbe, takriban maili 150, mpaka wa Tanzania na Uganda unaufuata mstari wa 1° kusini, maili 86 kaskazini ya uwanja wa Mwanza. Kaskazini ya mstari huo NOTAM na AIP za Tanzania haziwajibiki. Ukielekea Kenya ni hivyohivyo. Ramani moja inaweza kubeba nchi tatu, basi daftari la pembeni liwe na tarehe tatu za "imesahihishwa hadi", kila nchi na yake. Tarehe moja kwa zote ni uongo wa bahati mbaya.

Tofauti ya sumaku huku iko karibu na sifuri, kwa hiyo watu huipuuza. Angalia tu mwaka ulioandikwa pamoja na mistari yake. Tuseme ramani inasema 1° magharibi, 1985, ikisogea dakika 3 mashariki kila mwaka: miaka 40 ni dakika 120, nyuzi 2, na sasa ni 1° mashariki. Kiasi ni kidogo, lakini alama imegeuka, na anayejumlisha badala ya kutoa anapata kosa la nyuzi 2. Na kama unachukua mahali pa kitu kutoka kwenye ramani za ardhi za 1:50,000, zile za zamani zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, si WGS-84, mfumo wa GPS. Tofauti ni kama mita 300. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hiyo ni milimita 6. Kwenye ramani yako ya 1:1,000,000 ni unene wa penseli.

Ukikuta ramani imekosea, kisiwa mahali pasipo pake au mnara usiotajwa popote, ipelekee ofisi ya taarifa za anga uwanjani mahali kwa nyuzi, dakika na sekunde, pamoja na tarehe na saa uliyoona. Bila sekunde hawatakuwa na cha kufanyia kazi.

Toleo jipya likitoka, usihamishe masahihisho yako yote kwa mkupuo. Chukua daftari la pembeni la ramani ya zamani na uulize kila namba: je, hiki tayari kimechapwa humu? Tarehe ya kufungwa kwa taarifa iko kwenye ukingo wa ramani, na ni ya mapema kuliko siku uliyoinunua. Vilivyotokea baada ya tarehe hiyo ndivyo unavyochora upya. Ile ya zamani kata kona zote nne na upige mstari wa kalamu nene kutoka pembe hadi pembe. Karatasi yake ni ngumu, inafaa sana kufunikia madaftari ya shule ya watoto, upande wa ziwa ukiwa nje.